Herufi za mabuti: dalili zinazoletwa karakanani, sababu zake na tiba

Kuna herufi ambazo kila mtu Lubumbashi anazijua kwa macho hata asipozijua kwa jina. Ni nene, nyeusi, na chini ya kila mguu kuna kipande bapa kama soli ya buti. Utaziona ukutani kwa wauza unga katika mitaa ya hapa mjini ya Kenya na Katuba, kwenye fulana za timu za mitaa, na kando ya barabara ya Kasumbalesa ambako vibao vya waziba matairi vinamwita dereva wa lori tangu mbali. Vitabu vya Kifaransa vinaziita Égyptiennes au mécanes. Kwenye orodha ya kompyuta utaona neno Slab limefuata jina. Kile kipande cha mguuni ni serifu, na kwa kuwa hapa ni nene na bapa, tungeweza kusema serifu bapa. Vijana wangu karakanani wanasema viatu tu, na herufi yenyewe wanaiita ya mabuti. Nitafuata maneno yao.

Nimezipaka, nimezichapa na kuzikata, na nazipenda kuliko herufi nyingine zote. Zinavumilia lipu mbovu, karatasi ya bei rahisi, na fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi. Lakini malalamiko yanayoletwa ni yale yale kila mwezi, na karibu kila mara lawama inatupiwa mashine, wino au kompyuta. Mimi nimeona hivi: herufi ya mabuti haiharibikii kwenye weusi wake, inaharibikia kwenye weupe. Weupe wa tumboni, yaani ndani ya a, e na o, na weupe ulio kati ya herufi na jirani yake. Weusi ukiwa mwingi, weupe unakuwa mali adimu, na chochote kinachouibia kidogo kinaonekana.

Kabla ya kushika dalili yoyote, fanya jaribio moja lisilo na gharama. Chapa kazi yako kwa kipimo cha moja kwa kumi, uibandike ukutani, urudi nyuma. Bango litakalosomwa kutoka mita 30, lisome kwenye karatasi kutoka mita 3. Halafu chapa kipande kidogo chake, herufi mbili tatu, kwa ukubwa wake halisi na ukitazame kwa karibu. Nusu ya matatizo ya hapa chini yatajitokeza kwenye karatasi hizo mbili kabla hujakata hata sentimita ya bashi, yaani turubai la bango.

"Fundi, hii a na hii e iko sawasawa"

Hii ndiyo inayoongoza. Matumbo yamejaa: a, e, g na s zimekuwa vidonge vyeusi na mtu anakisia neno badala ya kulisoma. Inakuja zaidi kwenye fulana, kwenye muhuri wa mpira, na kwenye kadi ndogo.

Sababu ya kwanza ni uzito mkubwa kwa herufi ndogo. Hizi nene sana, kama Alfa Slab One au Rockwell Extra Bold, ni za kichwa cha tangazo. Ukizishusha hadi kwenye mstari wa namba ya simu, weupe wa ndani ya e unabaki uzi. Pima ule upenyo mwembamba kuliko yote, ulio juu ya ufito wa e. Kwa muhuri wa mpira mimi sikubali upungue nusu milimita. Ukipungua, wino utauziba wiki ya kwanza. Tiba ni kushuka ngazi ya uzito na kuacha ukubwa ulivyo. Ndiyo maana napenda familia zenye ngazi nyingi, kama Roboto Slab na Rokkitt, ambazo zinaanzia wembamba wa 100 hadi unene wa 900. Kichwa kikae kwenye 800, anwani kwenye 500, na jicho litaona ni ndugu.

Sababu ya pili ni unene wa uongo. Mtu amechagua herufi ambayo tayari ni nene, kisha akabonyeza kitufe cha B ili "ikolee". Alfa Slab One ina uzito mmoja tu. Haina ndugu mnene zaidi. Kompyuta ikiamriwa inenepeshe kitu kisicho na toleo nene, inavimbisha kila ukingo sawasawa, nje na ndani, na matumbo yanalipa. Kuikagua ni rahisi: fungua orodha ya herufi uone familia ina mafaili mangapi. Likiwa moja, kitufe cha B ni marufuku. Hali ni hiyo hiyo kwa kitufe cha kulaza herufi: Roboto Slab haina toleo la kulala, kwa hiyo ukiilaza kwa nguvu viatu vinapinda na neno linaonekana kama linateleza mtelemkoni.

Kama uzito ni sahihi na B haikubonyezwa, ndipo uingie kwenye uchapaji wenyewe. Kwa wale wa serigrafi, yaani wanaochapa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa cha skrini, shika skrini uielekeze kwenye mwanga. Tumbo la e pale ni kisiwa kidogo cha dawa iliyokaushwa na taa. Kisiwa kama hakipo, kimeondoka na maji wakati wa kuosha, na maana yake skrini haikukaa kwenye taa muda wa kutosha, au dawa haikukauka vizuri kabla ya kuwekwa kwenye taa. Ongeza muda kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kipande kimoja. Visiwa vikiwa vyote vipo na bado fulana inatoka imejaa, kosa ni la wino au la mkono: wino mwepesi mno, kupitisha mpira mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha, kukandamiza kama unafua, au kitambaa cha skrini chenye matundu makubwa. Kitambaa cha nyuzi 43 kwa sentimita kinafaa kwa jina la timu mgongoni. Kwa maandishi madogo kifuani, tafuta chenye nyuzi nyingi zaidi.

Simama hapa ikiwa skrini yenyewe imelegea, ukiigonga inabonyea badala ya kurudisha kidole. Hakuna wino wala herufi itakayookoa kazi hiyo. Ipeleke kwa mwenye vifaa vya kuvuta kitambaa upya.

"Juu ya nini mulikata jina yetu mara mbili?"

Swali hilo, yaani kwa nini tumelikata jina lao mara mbili, niliulizwa na mama mmoja mwanakwaya, chini ya bashi la mita nne ambalo nilikuwa nimelitundika asubuhi ile ile kwa mikono yangu. Neno la juu lilikuwa KWAYA, kwa Rockwell Extra Bold, ambayo huja pamoja na Microsoft Office na kwa hiyo iko kwenye kompyuta nyingi za mjini. Kwenye skrini yangu niliona sawa. Pale juu lilisomeka KWA, halafu YA.

Nilishusha lile bashi nikalitandaza sakafuni, na naomba ulitazame pamoja nami, maana neno hili ni mtihani mzuri kuliko mfano wowote wa vitabuni. K ina kiatu juu kulia, W ina kiatu juu kushoto: vinagongana juu, huku chini W imejikunja na kuacha pembetatu nyeupe. W na A ni milalo inayolingana, zingeweza kulala pamoja kama vijiko, lakini A ya Rockwell imevaa kofia: ina kipande bapa hata kileleni, na kofia hiyo inaizuia W isisogee. Kisha A na Y. Mguu wa kulia wa A unatoa kiatu chini, mkono wa kushoto wa Y unatoa kiatu juu, na kati yao unashuka mfereji wa weupe kwa mshazari, mpana kuliko nafasi nyingine yoyote katika neno. Jicho linachukua ule mfereji kuwa nafasi ya kati ya maneno. Mama yule alikuwa amesoma kile nilichokiandika.

Kiswahili kinatupa mtihani huu kila siku. Kimejaa KWA, WA, YA, KA, VYA, na A ziko kila mahali. Wengi waliotengeneza herufi hizi walirekebisha jozi za lugha zao, na KWAYA haikuwa mbele yao.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya neno kukatika ni jozi za milalo ambazo hazikurekebishwa kwa mkono. Usizirekebishe kwa kuongeza nafasi kila mahali kwa kiasi kimoja. Utapata tatizo lile lile kwa ukubwa zaidi. Tafuta kwanza shimo baya kuliko yote, ambalo huwezi kulipunguza bila viatu kugusana. Hapa ni A na Y. Lisogeze hadi karibu na kugusana, liache hapo, kisha fungua jozi nyingine mpaka zilingane nalo. Geuza neno juu chini unapofanya kazi hii ili usilisome, uone maumbo tu. Mimi huijaza nafasi kwa mawazo: nawaza namwaga mchanga kati ya herufi na herufi, na kila nafasi inywe kiasi kile kile.

Sababu ya pili ni kinyume chake, na inatokea kwa herufi ndogo. Andika Lubumbashi, au mwanamume, kwa uzito mkubwa. Viatu vya m vitatu, vya n viwili, vya h viwili, vya i kimoja, vyote vinajipanga kwenye mstari wa chini na kuungana kuwa reli. Hapo ndipo kuongeza nafasi kidogo kwa neno zima kunafaa: sehemu 10 hadi 20 kati ya elfu moja za ukubwa wa herufi, kipimo kinachotumiwa na programu nyingi za usanifu. Usizidishe, maana herufi ndogo zikitengana sana neno linavunjika tena.

Sababu ya tatu, ya nadra, ni faili la herufi lililopakuliwa mahali pasipojulikana, ambalo jedwali lake la jozi halipo kabisa. Utaligundua kwa kuandika AVA na TAYA: kama nafasi ni pana kila mahali na hazibadiliki unapowasha urekebishaji wa kompyuta, lifute utafute nakala ya halali.

Kuna tiba ya ndani zaidi, nayo ni kuzigeuza herufi kuwa michoro na kukata kiatu kimoja kiwe kifupi upande wa ndani, au kuivua A kofia. Wachoraji wa nembo hufanya hivyo. Lakini kama kazi ni nembo ya kudumu ya parokia, shule au duka, simama: mpe mchoraji wa herufi mwenye uzoefu, na kwanza soma leseni ya herufi hiyo, maana si zote zinaruhusu umbo kubadilishwa. Bashi langu nililichapa upya kwa gharama yangu.

Herufi nene, lakini haisomeki kutoka barabarani

Watu wanashangaa sana kwa hili. Wamechagua herufi yenye nguvu ili ionekane mbali, na kweli inaonekana; kinachokosekana ni kusomeka. Mara nyingi ni sentensi nzima iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. QUINCAILLERIE, yaani duka la vifaa vya ujenzi, peke yake ni sawa, dereva ataikamata. Lakini TUNAUZA SARUJI MABATI NA MISUMARI KWA BEI NAFUU kwa mabuti tupu ni ukuta wa matofali. Hakuna kichwa cha b wala mkia wa j wa kulisaidia jicho. Acha neno moja au mawili kwa herufi kubwa, mengine yashuke.

Kisha kimo. Kanuni ya zamani ya watengeneza mabango ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, kwa kusomeka bila kujitaabisha. Msomaji akiwa mita 30, herufi iwe na sentimita 25. Kwa anayepita kwenye gari ongeza, kwa sababu hasimami.

Baada ya hapo angalia rangi, nyekundu juu ya nyeusi hasa, na kivuli au mzingo uliochorwa kuzunguka herufi. Herufi ya mabuti ina kivuli chake tayari; ukiiongezea kingine kinakula weupe wa jirani. Na msimu wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, futa vumbi. Bango jeupe lililogeuka kuwa jekundu la udongo limepoteza nusu ya tofauti yake na maandishi, na nimeona watu wakilipia bango jipya badala ya ndoo ya maji.

"Kwangu ilikuwa nzuri, kwa mchapaji imebadilika"

Umepeleka faili, imerudi na herufi nyingine. Karibu kila mara ni kwamba kompyuta ya pili haina herufi yako na imeweka mbadala. Mbadala huo mara nyingi ni Courier, na hapo mteja anachanganyikiwa zaidi, kwa kuwa Courier nayo ni ya ukoo wa viatu bapa: Howard Kettler aliichora mwaka 1955 kwa mashine za kuandikia za IBM, ikiwa nyembamba, na kila herufi ikipewa upana ule ule, i sawa na m. Ukiona i zina viatu virefu kama bata na mistari imezidi ukingo, umeipata sababu.

Tuma PDF yenye herufi ndani yake, na ukague kwenye sifa za faili kwamba majina ya herufi yamo. Au geuza maandishi yote kuwa michoro, ukihifadhi nakala nyingine inayoweza kuhaririwa, kwa sababu michoro haiwezi kusahihishiwa tahajia. Jambo la mdomo pia linaleta makosa: Figgins wa London, aliyezitoa herufi hizi katika miaka ya 1810, aliziita Antique, ilhali kwa mchapaji wa Kifaransa antique ni herufi zisizo na kiatu hata kimoja. Ukiagiza kwa simu, taja jina la herufi lenyewe, usitaje ukoo.

Alama zimekatwa au zimegeuka kisanduku

Hapa kwetu bango moja lina Kifaransa na Kiswahili pamoja, kwa hiyo É, È na Ç ni lazima. Kama kimetokea kisanduku kitupu, herufi hiyo haina alama. Badilisha herufi, usichore alama kwa mkono juu ya bango la kuchapwa. Kama alama ipo lakini kichwa chake kimemezwa na mstari wa juu, ongeza nafasi ya kati ya mistari. Kwa herufi nzito watu hubana mistari ili jengo lionekane imara, na É ndiyo inayoumia.

Kwa Kiswahili angalia kitone cha ng'. Bucha moja iliniletea ubao wa NYAMA YA NG'OMBE ambao alama yake ilikuwa kigingi kilichosimama wima kama jino. Tumia ile iliyopinda, umbo la tisa, na iangalie nafasi yake: ikiwa pana, N na G zinabaki upande mmoja na OMBE upande mwingine.

Kadi ya harusi inafanana na tangazo la kumtafuta jambazi

Hapa herufi haina kosa la kiufundi. Imechapwa safi, imepangwa vizuri, na bibi arusi hataki kuiona. Ni suala la sauti, na ili uisikie inabidi ujue zilikotoka.

Zilizaliwa London kwa ajili ya matangazo ya ukutani, wakati biashara zilipoanza kugombania macho ya wapita njia. Jina la Misri lilizishika kwa sababu baada ya msafara wa Napoleon wa mwaka 1798 Ulaya ilikuwa imepagawa na mambo ya Misri. Kwenye maandishi ya Misri yenyewe hakuna kiatu kama hicho. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na herufi zikaweza kuwa kubwa kama mlango bila uzito wa madini ya risasi. Zikajaa mabango ya Marekani: sarakasi, minada, zawadi kwa atakayemkamata mhalifu. Sinema zikatuletea picha hizo mpaka Katuba. Kwa hiyo ile aina ambayo viatu vimekuwa vinene kuliko miguu, French Clarendon, haiwezi kuvuliwa kofia ya kauboi. Usiipe harusi.

Mteja akitaka ukoo huu kwa harusi, mpe matoleo membamba, kama Josefin Slab. Viatu vinabaki, kelele zinaondoka. Kwa tangazo la kilio mimi nachagua Clarendon ya uzito wa kati. Robert Besley aliitoa London mwaka 1845, na tofauti yake ni kwamba kiatu kinaungana na mguu kwa kimviringo laini, hakikukatwa kama tofali. Jina la marehemu likiwa kwa herufi hiyo linakuwa na uzito bila kupiga kelele, na nadhani familia zinalisikia hilo hata wasipoweza kulieleza. Hiyo hiyo ilitengenezwa awali ili kukoleza neno moja moja ndani ya maandishi ya kawaida, kama kwenye kamusi, na hapo utapata jibu la lalamiko jingine: kijitabu cha kurasa nane kilichoandikwa chote kwa uzito mkubwa kinachosha macho. Kikolezo kimekuwa chakula. Weka maandishi kwa uzito wa kawaida, unene ubaki kwa vichwa.

Ukutani: viatu vimevimba, herufi zimelegea, rangi inabanduka

Kwa wanaopaka kwa mkono, dalili tatu hizi huja pamoja lakini hazina mama mmoja.

Viatu vinavyopishana unene vinatokana na kuchora mistari miwili tu, ya juu na ya chini. Herufi ya mabuti inataka minne: wa kilele, wa chini ya viatu vya juu, wa juu ya viatu vya chini, na wa ardhi. Piga yote minne kwa uzi wa chaki kabla ya brashi. Kisha usifanye kiatu kiwe na unene sawa kabisa na mguu, kwa sababu jicho linauona ufito uliolala kuwa mnene kuliko uliosimama. Mguu ukiwa na sentimita 10, mimi nakipa kiatu 8. Na O iachie ivuke mistari kidogo juu na chini; ukiibana ndani yake itaonekana mtoto kati ya watu wazima. Paka miguu yote kwanza, rudi upake viatu vyote kwa brashi bapa, kwa mkupuo mmoja kila kimoja.

Kingo zenye ndevu ni vumbi la ukutani kwanza, rangi iliyozimuliwa mno pili, na utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye lipu yenye mashimo tatu. Piga ufagio, osha, acha ukuta ukauke, ndipo uanze.

Rangi inayobanduka ni jambo zito zaidi. Kama ni rangi ya mafuta juu ya lipu mpya, saruji mbichi inaila na kuigeuza utelezi kama sabuni. Subiri lipu ikomae, wiki nne si nyingi. Kama ukuta ni wa zamani, ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia tupu, au ukiwa na unyevu ambao hauishi hata kiangazi, simama. Hiyo ni kazi ya mwashi kabla ya kuwa yako, na herufi utakayoipaka leo itaanguka na lipu mvua zikirudi.

Usiku neno lina mabaka

Siku hizi maduka ya katikati ya mji yanataka herufi za chuma zenye taa ndani. Ukoo wa mabuti unafaa kwa chuma, kwa sababu kiatu kinaipa herufi pa kufungia skrubu na miguu haina sehemu nyembamba ya kujikunja. Lakini taa hufika katikati ya mguu na kuacha ncha za viatu gizani, na usiku E inasomeka kama kitu kisichojulikana. Angalia kwanza kama kioo cha plastiki cha mbele kimejaa vumbi. Kisha angalia mchoro: je, kila kiatu kilipewa taa yake, au taa zilipangwa kwenye miguu tu? Mwisho ni kina cha kisanduku. Kikiwa kifupi, kila taa inaonekana kama nukta yake peke yake.

Hayo yote unayakagua kwa macho, ukiwa chini, umeme ukiwa umezimwa. Usifungue kisanduku. Kama taa zinapepesa, kama kuna harufu ya kuungua, kama maji yameingia, au kama waya za barabarani zinapita karibu na ngazi yako, mwite fundi umeme. Kama fremu inayumba kwa upepo, mwite mchomeleaji, na watu wasipite chini yake mpaka afike. Kazi ya fundi wa herufi hapo ni kumkabidhi mchoro wa kipimo kamili, kila kiatu kikiwa kimepimwa upana na nafasi yake, na kushuka kwenye ngazi.